Mchuzi Usio na Mchinjaji

Mchukuzi wa chumvi aliyeingia Kasongo Jumatano kwa njia ya Wamaza ndiye aliyeniletea habari. Alitua mzigo wake mlangoni pangu, akaomba maji, akanywa, kisha akasema kwamba yule mama aliyekuwa akipika uyoga karibu na soko, katika mji wetu wa zamani, kabla ya vita, amefariki kijijini kwao upande wa Kabambare. Homa ilimpata mvua za kwanza zilipoanza, haikumchelewesha. Nyinyi mnaosomewa karatasi hii barazani baada ya swala ya Ijumaa mmezoea niwaandikie habari za njia, za mpunga na za watu waliosafiri. Leo mtanivumilia. Jina lake silitaji, maana hata alipokuwa hai hakuna aliyemwita kwa jina, na waliokaa mji wa zamani hawahitaji kutajiwa. Wakikumbuka ile harufu ya mawese na karanga iliyokuwa ikivuka soko zima mvua ikishanyesha, wamekwisha kumjua.

Vijana wa sasa mjue kwamba mji ule haukuwa kama huu. Ulikuwa mkubwa, na ulijaa watu ambao hawakuchaguana. Walikuwapo waungwana waliofuatana na mabwana kutoka pwani, Wazimba wenye nchi yao, Wabangubangu walioletwa wamefungwa kamba, wachukuzi wa pembe, wavuvi wa Nyangwe waliokuja na samaki wa kukausha. Mchana walichanganyika sokoni, lakini ikifika saa ya kula kila mmoja alirudi kwa wenzake. Anayeswali hakula nyama iliyochinjwa na asiyeswali, na asiyeswali naye alijua anavyotazamwa, akaenda kula mbali. Yule mama alikuwa mmoja wa walioletwa na kamba. Bwana wake alipokaribia kufa alimwacha huru, naye akajenga kibanda cha miti na majani upande wa mashariki wa soko, akaweka mafiga, akapika kitu kimoja ambacho hakuna mtu wa dini yoyote angeweza kukikataa, kwa sababu hakina shingo.

Nitawaeleza alivyopika, maana wengi mnasema mnapika kama yeye na mnajidanganya. Mvua kubwa za kwanza zikipita, alikwenda kwenye vichuguu alivyovijua, akarudi na kikapu cha ule uyoga mpana wenye shina refu lililozama ndani ya udongo wa mchwa. Uliomtia shaka kidogo tu aliutupa, hakuubishia. Aliparua udongo kwa ukucha, akaosha hadi maji yawe meupe, kisha akauchana kwa vidole kufuata nyuzi zake. Kisu hakikugusa uyoga wake hata siku moja. Aliuweka chunguni na chumvi bila maji, akaufunika, akaacha utoe maji yake wenyewe na uyanywe tena wenyewe. Hapo ndipo yalipoingia mawese, vitunguu vya bustani za Waarabu, pilipili moja nzima isiyopasuliwa, na mwisho karanga zilizotwangwa zikachanganywa na maji ya moto. Baada ya hapo alitoa kuni, akabakiza makaa, akangoja. Mchuzi ulikuwa mzito kiasi kwamba ukichovya tonge la ugali lilitoka limevaa.

Siku moja alikuja mfanyabiashara kutoka pwani, mgeni kabisa katika nchi hii, kanzu yake bado nyeupe. Alikaa kwenye sinia pamoja na watu wengine, akachovya, akatafuna, kisha akasimamisha mkono hewani.

"Mama," akasema, "nyama hii nani kachinja?"

"Hii?" Mama hakugeuka kwenye moto wake. "Hii imechinjwa na mvua, Bwana."

"Na hiyo mvua inajua kibla?"

"Mvua inatoka juu kwa Mwenyewe. Kibla weye ndiye unaitafuta, yeye hapana."

Watu walicheka. Mchukuzi mmoja Mzimba aliyekaa pembeni ya mgeni akamwambia, "Bwana, kama ni nyama, tafuta mufupa. Ukiupata, mimi nakubebea mzigo bure mpaka Kabambare." Mgeni yule aliutafuta kweli, akapekuapekua sinia kwa kidole na watu wakimtazama, na alipomaliza kutafuta chakula kilikuwa kimekwisha. Akanawa, akasema, "Basi kesho mwambie mvua ichinje tena." Tangu siku ile watu wakaacha kuuliza umepika nini. Walimwuliza kama mvua imechinja.

Mimi sikuwa mteja pale. Nilikuwa mtoto wa chuo, nikisoma Kurani kwa mwalimu, baba yangu seremala wa bwana mmoja mkubwa, na mama yangu alipika vizuri. Kisha ndui ikaingia mjini. Ilianza kwenye kambi ya wachukuzi, ikaja barabara yetu, ikamchukua mama, na kabla hatujamaliza kumlilia ikamchukua baba. Tulibaki watatu: mimi mkubwa, mdogo wangu wa kiume, na dada yetu ambaye bado alikuwa akishika nguo ya mtu ili atembee. Bwana wa baba hakuwa mtu mbaya. Alifanya lile lililokuwa likifanywa kwa mayatima wote, na hakuna aliyeliona geni. Aliamua kutugawa. Mimi nifuate msafara nikajifunze kubeba bunduki, mdogo wangu aende Nyangwe kwa rafiki yake mwenye mitumbwi, na mtoto wa kike apelekwe Kabambare kwenye nyumba moja iliyotaka msichana wa kazi. Katika siku zile mtoto aliyepelekwa hivyo mlimwona tena kama Mungu akipenda, na mara nyingi hakupenda.

Mazungumzo hayo bwana na yule rafiki yake wa Nyangwe waliyamalizia kwa mama wa uyoga, wakila. Sisi tulikuwa tumesimamishwa nje ya kibanda na vifurushi vyetu. Mama aliwasikiliza mpaka mwisho, akafuta mikono.

"Watoto hawa, nipe mimi," akasema.

"Yupi?"

"Wote. Ao wote, ao hapana hata mumoja."

Bwana alicheka. "Bibi, weye unaishi kwa uyoga. Utawalisha nini?"

"Uyoga."

"Na kiangazi, uyoga ukiwa hakuna?"

"Uyoga mukavu."

Rafiki wa Nyangwe alimsukuma bwana begani. "Mpe. Mwezi hautaisha, watakuja wenyewe mlangoni kwako kama mbwa wenye njaa." Bwana akafikiri, kisha akatoa sharti lake mbele ya watu wote waliokuwa wakila. Tukae kwa mama mpaka mvua za mwaka ujao; tukivuka kiangazi, tubaki kwake. Lakini siku mmoja wetu akionekana jikoni kwake akiomba chakula, siku hiyo hiyo anatutuma sote watatu mahali alipokwisha kupanga. Mama akasema amesikia. Akatugeukia, "Ingieni ndani. Vifurushi hivyo wekeni chini, hamuendi fasi, mahali penu ni hapa."

Ndiyo sababu niliacha chuo. Sikufukuzwa na wala sikuchoka kusoma, kama wengine mnavyopenda kusema mkitaka kunitania kwa makosa ya hati yangu. Kulikuwa na vikapu vya kujaza. Mvua zile tulichuma kuliko tulivyokula. Uliobaki mama aliutandaza kwenye uchaga juu ya moto, ukakauka katika moshi mpaka ukawa mweusi, mgumu kama ngozi ya kiatu. Kiangazi kilipoingia alikuwa akichukua kiganja kimoja, akauloweka tangu asubuhi, na yale maji yake meusi hakuyamwaga. Aliyapikia. Kwa majani ya muhogo yaliyotwangwa na mawese kidogo, mchuzi wa uyoga mkavu una nguvu kuliko wa mbichi, unakaa tumboni. Mimi niliuzoea. Dada yangu alinenepa kwa huo. Mdogo wangu ndiye aliyeteseka, kwa sababu jiko la bwana lilikuwa upande wa upepo, na karibu kila siku ya Ijumaa mbuzi alichinjwa.

Alasiri moja tulimwona bwana anakuja kwa miguu, amemshika mdogo wangu mkono. Kiangazi kilikuwa karibu kwisha, na uchagani palibaki uyoga wa kutosha siku chache tu. Dada yangu akaja kujificha nyuma yangu. Mimi nilitazama vifurushi vyetu ukutani, nikajua leo vitatoka.

"Bibi," bwana akasema, "mtoto wako huyu nimemkuta jikoni kwangu."

Mama akamtazama mdogo wangu, kisha bwana. "Alikuja kuomba?"

"Ndivyo nilivyomwuliza. Ameniambia umemtuma kuniita nije kula."

Mdogo wangu alikuwa akitazama vidole vya miguu yake. Mama hakusita zaidi ya muda wa kuvuta pumzi. "Weye umechelewa, Bwana," akasema. "Huyu mutoto nilimutuma mapema. Kaa basi, maji ya kunawa iko pale." Akapanda kwenye uchaga, akashusha uyoga wote uliobaki, kikapu kizima hadi vumbi lake, akautia kwenye maji ya moto kwa sababu wakati wa kuloweka haukuwapo. Akatia na karanga alizokuwa ameziweka ziwe mbegu. Bwana aliketi mkekani. Alizungumza na mimi habari za baba yangu, milango aliyochonga na ambayo ilikuwa bado haijapinda. Chakula kilipowiva tulikula sinia moja, bwana na sisi watatu na mama, na niliona kwamba bwana anamwachia mdogo wangu upande wenye mchuzi mwingi. Alikuwa amejua. Mtu mwenye jiko lake anajua sura ya mtoto aliyefuata harufu.

Alipomaliza kunawa akasimama mlangoni. "Sina haja ya kungoja mvua," akamwambia mama. "Watoto ni wako." Na kwa mdogo wangu akasema, "Siku nyingine ukitumwa kuniita, usipitie jikoni." Ile ilikuwa mara ya kwanza tangu ndui kuwasikia watu wa nyumba yetu wakicheka.

Nimeandika haya yote kwa sababu mji ule haupo tena. Vita vya Wazungu viliuchoma, mabwana wakakimbia ama wakafa, na sisi tuliobaki tumejenga upya, bendera nyingine juu ya vichwa vyetu. Mama alipoona soko limekuwa majivu alitubariki, akachukua chungu chake, akarudi upande wa Kabambare. Siku hizi tunajenga kuta ndefu kuliko zamani. Kila mtu anakula nyuma ya mlango wake, na kabla ya kumkaribisha mgeni tunamwuliza alikuwa upande wa nani wakati wa vita. Nasikia hata watoto waliofiwa katika vita vile wamegawanywa kama sisi tulivyokaribia kugawanywa, huyu Nyangwe, huyu mbali zaidi, na watu wema wanasema ni msaada. Ninajua ni msaada. Ninajua pia kwamba mtoto anaweza kushiba katika nyumba nzuri na akaanza kusahau uso wa ndugu yake.

Alhamisi nilimtafuta yule mchukuzi wa chumvi kabla hajaondoka, nikamwuliza lililonisumbua usingizini: matanga yake nani ameyakaa. Akasema hakuna. Jirani walimzika, wakamlilia siku moja, wakarudi mashambani. Wazee wa kijiji wanasema zamani alikuwa na watoto. Msafara uliomchukua yeye ulichukua na watoto wake, na njiani waligawanywa kwa mabwana mbalimbali, kila mmoja na njia yake. Aliporudi baada ya vita alikuwa akisimama kwenye njia kila msafara ukipita, akitazama nyuso za wachukuzi vijana. Alifanya hivyo mpaka homa ilipomlaza. Hakuwapata. Miaka yote tuliyokaa kwake, tukila kwa mikono yake, hakututamkia jambo hilo hata mara moja, na sisi tulidhani ni mtu asiye na la kusema.

Jana mdogo wangu amekuja kutoka mashambani na dada yetu ametoka kwa mumewe, tumekaa tumeongea. Kesho alfajiri tunashika njia ya Kabambare, wote watatu. Tutachukua mchele, mawese na karanga, na uyoga tutauchuma huko huko kwao, mvua zipo. Tutapika mbele ya nyumba yake na tutaita jirani wote, anayeswali na asiyeswali. Wenye mayatima nyumbani mwao, nawaomba neno moja tu: kabla hamjawapeleka watoto hawa kila mmoja kwake, ulizeni kwanza kama yupo mtu, hata awe maskini, wa kuwachukua wote pamoja. Huenda yupo, na anaona haya kusema. Sisi matanga tutayakaa kama wanavyokaa watoto wa marehemu, mkeka mmoja, na wazee wa kijiji wakiuliza sisi ni nani, dada yetu ndiye atakayejibu, maana ndiye ambaye angepelekwa huko huko Kabambare, peke yake.