Siku Nilipokuwa Wakili wa Upande wa Pili

Miaka ya themanini ikielekea mwisho, nilikuwa mpiga taipu katika ofisi ya wakili mmoja mjini Kisumu, mwanamke aliyetoka Mkoa wa Kati na kujifunzia Dholuo, lugha ya Wajaluo, sokoni.

Siku moja alikuja mama mjane kutoka Pap Onditi. Shemeji yake, kaka mkubwa wa marehemu mumewe, alitaka kumtoa shambani, akidai alimwazima tu ndugu yake shamba hilo. Yule mama alikuwa na barua ya shemeji huyohuyo akikiri kumpa ndugu yake shamba hilo. Mimi niliona kesi imekwisha.

Wakili akanivutia kiti. "Leo wewe ni wakili wao. Nikianza na barua, utafanya nini?"

"Nitasema sahihi si ya mteja wangu. Aliyeishuhudia barua amekufa."

"Umeona? Tutashinda siku nzima tukibishania wino." Akachora mistari kwenye karatasi: tukisema hili, watajibu hili au lile, na sisi je? Alitafuta swali ambalo kila jibu lake lingetufaa. "Basi nitamuuliza yule shemeji, ndugu yake alizikwa wapi."

"Nitasema palepale shambani, kwa huruma yangu."

Akatoka kwenda barazani. Aliporudi alikuwa anacheka. "Hapo umenishinda. Nitamuuliza nani alimtangulia ndugu yake siku ya kufungua boma."

Kwetu Wajaluo, baba akiwa hayupo, kaka mkubwa ndiye humwongoza mdogo wake kwenda kuanzisha boma. Akikana, majirani walimwona. Akikubali, amejifunga mwenyewe.

Mahakamani wakili aliuliza kwa sauti ya upole, kama mtu anayeuliza njia. "Mzee, siku ile nani alitangulia?"

Shemeji akawatazama majirani waliojaa kwenye mabenchi. "Ni mimi."

"Ulimpeleka kwenye boma lake, au la kuazima?"

"Boma la kuazima ni nini, Mama? Hakuna kitu kama hicho."

Aliposema hivyo akatambua amejifunga, akainamisha kichwa. Ndipo wakili akaitoa barua. Wa upande wa pili waliipinga kidogo tu, bila moyo.

Hakimu alipompa mjane shamba lake, nilitegemea wakili ajisifu. Badala yake alinivuta mkono hadi mbele ya yule mama. "Huyu ndiye aliyenizuia nisiulize swali baya."

Mama akanishika mikono yote miwili. "Erokamano, nyathina," akasema, asante mwanangu, huku machozi yakimtoka. Nilitembea kwa miguu hadi nyumbani Migosi, nikijibishana peke yangu barabarani, kwa zamu, pande zote mbili.