Neno "Homa" Lisivuke Lango

Ipo siku moja, mwanangu, ninayoikumbuka mpaka harufu ya uji wake. Imenirudia leo kwa sababu mama yako amenipigia simu akasema umerudi nyumbani umenuna. Umepata kazi ya chekechea pale Shieywe, jambo jema kabisa, lakini mwalimu mkuu amekurudisha langoni mbele ya watu ukamkimbilie mzazi aliyekuwa ameshapanda pikipiki. Kosa lako, unasema, ni neno moja tu: uliripoti kwamba mtoto ana homa. Sasa unauliza ni shule gani hiyo inayopiga marufuku neno la Kiswahili. Kaa chini usome mpaka mwisho. Mimi huandika kama ninavyoongea, na nikianza kuongea hata kuku huenda kulala wakaniacha.

Wakati huo nilikuwa kijana mwembamba, suruali yangu ikishikiliwa na mshipi pamoja na maombi ya mama yangu. Mchana nilikuwa msaidizi katika shule ndogo ya watoto upande wa Shinyalu. Nilichota maji, nilikoroga uji, nilifunga kamba za viatu vya taifa zima. Jioni nilikwenda gumbaru, yaani masomo ya watu wazima, na huko nikakutana na Kiswahili cha vitabu. Nilikipenda mno. Nilifika mahali pa kusahihisha sala za watu kanisani, kimoyomoyo.

Mkuu wa shule alikuwa Mwalimu Jerida, mama mfupi mwenye sauti ndefu. Akiita mtoto Shinyalu, watoto wa Malinya waliitika. Alikuwa na kanuni zake na hazikuwa na mjadala. Mikono ioshwe kwa maji ya kumiminiwa, si wote kuchovya beseni moja. Sufuria ya uji isipite katikati ya watoto ikiwa moto. Mtoto asiondoke na mtu ambaye shule haimjui, hata kama mtoto mwenyewe anamwita kuka, kwa maana kwetu kila mzee mwenye mvi ni kuka, babu wa wote. Kanuni ya homa haikuwepo bado. Hiyo ilizaliwa siku hiyo, na mimi nilikuwepo ikizaliwa.

Asubuhi ilikuwa ya baridi, ukungu umetanda mpaka kwenye mahindi. Kukhu Rasoa, bibi aliyekaa karibu na msitu, alimleta mjukuu wake Muhonja. Mtoto alikuwa amevikwa sweta juu ya sweta hadi mikono imesimama pembeni kama ya sanamu ya kufukuza ndege.

"Kijana, huyu ako na homa kidogo," Kukhu akaniambia. "Mwangalie. Mimi nawahi soko."

"Hakuna wasiwasi, Kukhu."

Nikaingia jikoni moja kwa moja. "Mwalimu, Muhonja ana homa."

"Homa gani?" akauliza, mwiko mkononi.

Swali hilo nililipenda, maana nilikuwa nimesoma. Huku kwetu, mwanangu, wengi wetu tukisema homa tunamaanisha mafua: pua inatiririka, mtu anapiga chafya, maisha yanaendelea. Lakini gumbaru nilikuwa nimefundishwa kwamba homa ni joto la mwili mgonjwa. Nikajinyoosha kama wakili.

"Kwa kamusi, Mwalimu, au kwa Shinyalu?"

"Nakuuliza kwa mtoto, Ambani!"

Uji wenyewe uliacha kuchemka.

"Kukhu amesema ni kidogo tu," nikasema.

"Kidogo ya pua au kidogo ya mwili?"

"Hakusema."

"Na wewe umemgusa?"

"Bado, Mwalimu."

"Basi umeniletea neno," akasema. "Hujaniletea mtoto."

Akaniachia mwiko, kisha akaona hapana, akaunyang'anya, akautupa kwenye sufuria na kunivuta kwa shati. Watoto walikuwa uwanjani wakigombania tairi la baiskeli. Muhonja alikuwa peke yake ukutani, ametulia, uji wake haujaguswa, umefanya ngozi juu.

"Leo ana adabu," nikasema.

"Huyu? Huyu aliyepanda dirisha jana akaimba akiwa huko juu?"

Akapiga goti, akamwekea mtoto mgongo wa mkono shingoni. Pua ilikuwa kavu. Akaanza kufungua vifungo vya sweta moja baada ya nyingine, mpaka mtoto akabaki na gauni. Kisha akageuka.

"Kukhu amempa dawa gani leo? Na saa ngapi?"

"Sijui, Mwalimu."

"Sasa mimi nikimpa nyingine, je, zikikutana tumboni mwake? Kimbia!"

Mwanangu, nilikimbia. Fahali wa Malinya siku ya kupiganishwa angeniona angestaafu. Nilimpata Kukhu penye njia panda, ameshaweka kikapu kwenye baiskeli ya boda.

"Kukhu! Ile homa ni ya pua?"

"Pua? Nani ametaja pua? Mwili wake umewaka usiku mzima kama jiko. Nimempa ile dawa ya maji ya kushusha joto, alfajiri jogoo akiwika."

"Mbona hukusema?"

"Nilisema!" Macho yake yakajaa machozi. "Si nilisema homa?"

Na kweli alikuwa amesema. Hapo ndipo kicheko kiliponiisha kabisa. Bibi yule alikuwa ametumia neno sawasawa, mimi nililipokea, nikalibeba, na njiani kati ya lango na jikoni mtoto akawa amepotea ndani yake.

Tulirudi na boda yule yule, tukamchukua Muhonja na Mwalimu Jerida hadi zahanati. Pale mlangoni, kabla hatujaketi, mtoto akakakamaa, macho yakageuka, akaanza kutikisika. Degedege. Mama mmoja kwenye foleni akachomoa kijiko kikapuni.

"Mtieni mdomoni, asiume ulimi!"

"Kijiko ni cha uji, mama," Mwalimu akamjibu bila hata kumtazama. Alimlaza Muhonja ubavu chini, akasukuma benchi mbali na kichwa chake, akalegeza ukosi wa gauni. Hakumbana, hakumtia kitu kinywani. Alimwita muuguzi kwa ile sauti yake, na nadhani waliitika hata wauguzi waliokuwa likizo.

Mtikisiko ulipokoma muuguzi akauliza, "Amepewa dawa yoyote?" Kukhu alikuwa akimtazama mtoto tu. Amekumbatia zile sweta kifuani. Nikajibu mimi: dawa ya maji ya kushusha joto, alfajiri. Muuguzi akaitikia kwa kichwa na kuendelea na kazi. Ilikuwa malaria, na ilikuwa imeshakolea. Walimpeleka hospitali mjini akalazwa.

"Nilidhani ni baridi," Kukhu alikuwa akisema tu. "Nilimfunika kwa sababu alikuwa anatetemeka."

Siku zile za kungoja, Mwalimu Jerida hakumlaumu Kukhu, wala mimi hakunirudia kwa lawama. Shule ilikuwa kimya hata tairi halikugombaniwa. Habari ilipofika kwamba Muhonja ameamka akaomba mandazi, Mwalimu alikusanya wazazi langoni akatangaza: "Kuanzia leo neno homa lisivuke lango hili. Niambieni mwili ni moto, au niambieni kamasi inatoka. Na mniambie mtoto amekunywa nini."

Sasa, mwanangu, huyo mwalimu mkuu wako anayekunyima raha ndiye Muhonja. Ndiyo, yule aliyepanda dirisha. Hakukwambia, kwa sababu si mtu wa kujisimulia, lakini neno unalolalamikia ulikatazwa na mtu aliyekaribia kufia ndani yake.

Kwa hiyo kesho rudi kazini mapema. Mzazi akikuambia homa, muulize homa hiyo inafanya nini. Pokea mtoto kwa mkono kabla ya kumpokea kwa sikio. Mna kile kipimajoto cha kuelekezwa kwenye paji kama bastola. Kitumie, lakini mtoto mtundu akitulia ghafla usingoje kikwambie. Usimpe dawa hujajua alichopewa nyumbani. Akishikwa na degedege, alale ubavu, mdomo usitiwe kitu, na mkimbilie hospitali. Na ukitumwa langoni mara ya pili, nenda ukikimbia. Hiyo si aibu, hiyo ndiyo kazi yenyewe.

Mungu akubarikie mgongo wa mkono wako, mwanangu, uhisi kinachowaka kabla hakijawaka sana. Na watoto wote utakaowapokea langoni asubuhi, jioni uwarudishe wakipiga kelele.