Gitaa la Mwezi wa Tatu

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo hainitoki kichwani. Ni siku niliyoweka gitaa lililopasuka juu ya meza ya duka, hapa mjini Dodoma, nikapaza sauti hadi fundi cherehani wa mlango wa pili akasimamisha mashine yake.

Usicheke. Ulikuwepo, ila ulikuwa na miaka saba na ulijificha nyuma ya kitenge changu. Muuzaji alikuinamia akakuuliza, "Haya bibi mdogo, gitaa limefanya nini?" Ukajaribu kumjibu. "Li-li-li..." Neno likagoma. Akanigeukia huku anacheka. "Mama, huyu mfundishe kusema kwanza. Gitaa baadaye."

Hapo subira yangu ikakatika. Nikamwambia, "Kaka, maneno yako yote yamenyooka, na hakuna hata moja la kweli."

Najua nasaha ni kazi ya wazee. Mimi sijafika thelathini, sina mvi, na elimu yangu iliishia kidato cha nne. Lakini hasira nayo huzeesha, na imenizeesha kiasi cha kutosha kukuambia haya.

Kigugumizi chako, Tumaini, hakikuwahi kukufuata kwenye wimbo. Tuligundua kanisani. Mpiga gitaa wa kwaya alikuwa na gitaa la klasiki, lile la nyuzi za nailoni lenye sauti laini, na wewe uliegemeza shavu ubavuni mwa gitaa hilo akiwa anapiga. Ukaimba beti zote bila kukwama hata silabi moja. Nilikuwa benchi la nyuma. Mwanga wa asubuhi uliingia dirishani na vumbi lake likielea taratibu, na sauti yako ikaelea humo humo, nikaogopa hata kukohoa nisije nikaamka. Tangu siku hiyo sikutaka kitu kingine duniani ila gitaa la kwako.

Mchelea mwana kulia hulia yeye. Sikusubiri, sikuuliza. Ilikuwa mwezi wa tatu, mvua bado zinanyesha, na dukani lilining'inia gitaa linalong'aa kama asali. "Hili ni la mkono," muuzaji alisema, "limetengenezwa hapa hapa Dodoma, mti wake umekauka miaka miwili." Sikuuliza aliyelitengeneza ni nani. Sikuchungulia ndani. Niliiona sura yangu kwenye vanishi, nikapendezwa nayo. Mwamba ngoma, ngozi huvutia kwake, nami nilimwachia avute.

Uliimba miezi mitatu. Ulimwimbia hadi kuku. Ukitaka chumvi ulikuwa unaiomba kwa wimbo, na jirani zetu wa Miyuji wakazoea.

Kisha mvua zikakoma, ukaja upepo wetu, ule unaopasua midomo na kukausha nguo kabla hujamaliza kuanika. Vile vyuma vidogo vya shingo ya gitaa vikaanza kuchomoza pembeni, vikakukwaruza vidole. Nilikufunga plasta nikakuambia uvumilie. Nisamehe kwa hilo. Gitaa lilikuwa linatuambia jambo, na mimi nikakufunga wewe plasta. Asubuhi moja likapiga "tak!" likiwa peke yake ukutani. Ufa ulishuka kutoka tunduni hadi chini. Ukaacha kuimba, halafu ukakaribia kuacha kusema kabisa. Mwalimu wako alidhani unaumwa koo.

Siku ile ya dukani muuzaji alikataa kuturudishia pesa. Alisema tumelianika juani kama mahindi. Basi siku hiyo hiyo nilikupeleka kwa Mzee Hamisi, fundi wa magitaa, Mrangi wa Kolo aliyehamia huku Miyuji zamani. Nyumba yake iko mtaa wa pili kutoka kwetu, na sikuwahi kubisha hodi. Aibu hiyo ninayo bado.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti yangu. Mbona unapumua kama umefukuzwa na nyuki?"

Nilimkabidhi gitaa. Akaingiza kioo kidogo tunduni, akatazama, akanusa. "Hili halikuzaliwa Dodoma. Mafundi wa gitaa hapa ni mimi na mwanangu, na mkono wangu siwezi kuusahau. Ulinunua mwezi gani?"

"Wa tatu."

Alicheka mpaka akaketi. "Mwezi wa tatu! Binti yangu, wakati wa mvua kila mti huku ni mwongo. Hata mlango wangu huu mbovu hujifanya mzima. Mti mbichi hunywa unyevu, ukavimba, ukaficha kila kitu. Subiri upepo wa mwezi wa nane uukaushe usinyae, ndipo utajua nani mkavu. Sasa niambie, ulilisikiliza au ulilitazama?"

"Nililitazama."

"Basi ulinunua picha."

Iliniuma, kwa sababu ilikuwa kweli. Akatuingiza karakanani. Mwanangu, laiti ningeweza kukurudisha kwenye saa ile. Mbao nyembamba zilining'inia darini kwa kamba, zikizunguka polepole kwa upepo wa mlangoni, nyingine nyekundu za mninga, nyingine nyeupe kama maziwa, na kila moja ina tarehe iliyoandikwa kwa penseli, siku ilipopandishwa pale. Harufu ilikuwa tamu na kavu. Mzee aligonga ubao mmoja kwa kifundo cha kidole, na mlio wake ukatoka taratibu, ukakaa hewani, ukaenda kama kengele iliyo ng'ambo ya mashamba ya zabibu. Akagonga mwingine. Ule ukasema "dup" ukanyamaza. "Huu bado una mwaka wa kukauka," alisema. "Hauharakishwi."

Nawe, uliyekuwa kama bubu siku zote zile, ukaufuata mlio wa ule wa kwanza kwa kuvumisha wimbo puani. Mzee akaendelea kugonga.

Alikuwa na magitaa matatu yaliyomaliza kiangazi kizima ukutani, bila kuuzwa. Ndiyo desturi yake, hauzi gitaa ambalo halijapigwa na upepo mkavu. Alikufumba macho kwa leso, akapiga moja baada ya jingine. Uligusa la tatu. Nilipoliona nilitaka kupinga: halina vanishi ya maana, na usoni lina jicho la mti kama chunjua. Mzee akanitazama tu. Nikalilipia, tukaondoka nalo.

Sasa shika haya. Ngoma ivumayo haidumu, na gitaa linalong'aa sana lina sababu. Chungulia tunduni kabla hujatazama uso. Pitisha kidole pembeni mwa shingo yote, likikukwaruza, liache. Piga uzi mmoja, nyamaza, uhesabu sauti inakaa muda gani. Uliza jina la fundi na siku ubao ulipopandishwa darini, maana kuuliza si ujinga. Huku kwetu nunua kiangazi. Na hata mtu utakayempenda, mwanangu, usimwamini kwa mwezi wa tatu peke yake. Mngoje apigwe na upepo. Kisha ukidhulumiwa, paza sauti, na kesho yake uandike.

Mungu akupe sikio refu kuliko jicho. Akupe miaka ya kukaukia polepole, usipasuke, na kila utakapofungua kinywa, kwa wimbo au kwa kukwama, awepo mtu wa kukungoja umalize.

Na hii ndiyo barua niliyoipeleka kwa mkono wangu, ikagongwa muhuri nikiwa nimesimama:

*Kwa Afisa Biashara,*

*YAH: MALALAMIKO KUHUSU GITAA LA MTI MBICHI LILILOUZWA KAMA LA MTI MKAVU*

*Husika na kichwa cha habari hapo juu. Nimeambatisha risiti na picha ya ufa. Fundi aliyelikagua yuko tayari kuja kueleza. Muuzaji alisema uongo mara tatu: kuhusu mahali, kuhusu mti, na kuhusu jua. Pia alimcheka mtoto wangu, na hilo nimeliandika ingawa najua halina fomu.*

*Siombi gitaa jingine kutoka kwake. Naomba aamriwe kuandika kwenye kila gitaa limetengenezwa na nani, na mti wake umekauka muda gani. Kama hajui, aandike HAIJULIKANI, kwa herufi ambazo mtoto wa darasa la pili anaweza kuzisoma.*

*Wako,*
*Mama Tumaini, Miyuji.*