Kamba Nne za Mkonge

Juzi nilikwenda dukani pale Same kununua kamba ya kuanikia nguo. Kijana wa duka akanitolea za nailoni, za kila rangi, nami nikamwuliza kama ana ya mkonge. Akaingia stoo kuitafuta, na alipoiweka mezani harufu yake ikanijia kavu, ya majani na vumbi la jua, na uchachu kidogo kwa mbali. Nikaishika bila kuiachia. Kijana akadhani nashangaa bei.

Nitawaambia nilichokuwa nakiwaza, ingawa si habari ya kufurahisha.

Mama yangu alikuwa mpishi wa mbwa. Mkicheka sitawalaumu, maana hata watu wa wakati ule walicheka. Katika shamba la mkonge kule tambarare, mwenye shamba alifuga mbwa wa mbio, na Jumapili wazungu wenzake walikuja kuwatazama wakizunguka kiwanja, wakiifukuza ngozi ya sungura iliyovutwa kwa kamba. Baba alikwisha kufariki. Mama aliwapikia mbwa hao ugali na mifupa, na adabu pia akawafundisha yeye. Akigonga kipande cha reli, walikuja kutoka popote walipo, wakajipanga kwenye mstari wa chokaa, bega kwa bega, kimya. Wote walikuwa na rangi ya majivu, lakini mama aliwaita kwa rangi za vizibao walivyovalishwa siku ya mbio: Nyekundu, Bluu, Chungwa na Mistari. Wageni walihangaika kumtafuta huyo mwekundu.

Likaja Azimio la Arusha, shamba likawa la umma, na Bwana akafunga mizigo. Alimwambia mama kwamba mbwa wasipopata pa kuishi kabla hajaondoka, atawapiga risasi mwenyewe. Mikanda yao ya shingoni, mipana, ya ngozi, aliivua akaenda nayo, sijui ya kazi gani. Mama akasokota kamba nne za mkonge, tukapanda nao mlima hadi kijijini kwao mama, Vudee.

Kwetu mbwa ni wa kubweka. Afukuze nyani mahindini, amtishe mwizi, alale nje. Hawa hawakubweka hata kidogo. Mbavu zao zilihesabika, na baridi ya mlimani iliwatetemesha mchana kweupe. Balozi wetu wa nyumba kumi, mtu mwema aliyependa kuongea kama redio, aliwazunguka akiwatazama, mikono nyuma, kisha akatoa hukumu.

"Wanyonyaji hawa, hata mbwa wao wamewanyonya."

Watu wakaangua kicheko. Jioni ile mama alilia jikoni, akasingizia moshi.

Ndipo alipokumbuka desturi. Upareni, mwenye mbuzi wengi humweka mmoja kwa jirani. Jirani humtunza, hunywa maziwa yake, hupata na mtoto wake mmoja, lakini mbuzi hubaki wa mwenyewe. Akifa, aliyewekewa hupeleka ngozi kwa mwenye mbuzi, ijulikane kwamba hakuuzwa wala hakuliwa kwa siri. Na kumkataa mnyama unayewekewa ni kumwambia mtu kwamba hutaki ujirani wake. Mama akaanza kwa kaka yake, mjomba Eliamani.

"Kaka, mbwa huyu sikupi. Nakuwekea."

"Na maziwa nitakunywa yapi, dada?"

Lakini alimpokea. Mjomba akapata Nyekundu, bibi mmoja mjane akapata Bluu, Chungwa akaenda kwa seremala. Balozi, kwa kuwa alikwisha kuwacheka mbele ya watu, alishindwa kukataa, akabaki na Mistari. Kwa hesabu ya mtoto, kazi ilikuwa imekwisha.

Kumbe kuwekewa si kupenda. Kila siku palikuja lalamiko mlangoni kwetu. Mjomba alimpeleka Nyekundu akafukuze nyani. Akamfukuza kweli, akamfikia, kisha akasimama asijue la kufanya, maana ile ngozi ya sungura haikuwahi kumgeukia. Nyani akamchana sikio. Bluu aliingia kitandani kwa bibi. Seremala alisema Chungwa anakula kama fundi na hajui kushika randa. Mgeni siku mbili, walimwambia mama, siku ya tatu mpe jembe. Na wageni hawa wangeshika jembe kwa mkono gani? Mama aliomba radhi nyumba hadi nyumba. Nilimwona akikonda kama wao.

Halafu palikuwa na reli. Shule yetu ilikuwa na kipande cha reli kilichoning'inizwa kwenye mkaratusi, nacho ndicho kilichoita wanafunzi asubuhi na wanakijiji siku ya mkutano. Shule ilipofunguliwa, kikagongwa mara ya kwanza tangu tufike, mbwa wanne walitokea pande nne, wakajipanga mbele ya darasa la kwanza, wakingoja. Tulicheka hadi mwalimu akachukua fimbo. Mama akawaomba wenyeji wawafunge. Walifungwa, na reli ikilia walikuja vilevile. Vichwa vyao vilikuwa vyembamba kuliko shingo, kwa hiyo walirudi nyuma tu wakavua kamba, ikabaki kwenye kigingi na fundo lake. Ile mikanda mipana, kumbe, ilikuwa na kazi.

Kabla ya mvua za vuli kikaingia kichaa cha mbwa. Mtoto wa kijiji cha pili aling'atwa, akafa. Likaja agizo kwamba mbwa wote wapelekwe uwanja wa shule, na bwana mifugo angefika na askari mwenye bunduki. Watu waliitikia vizuri sana, kisha wakaenda kuwaficha mbwa wao migombani na mapangoni. Mama alipita kwa wote wanne, akawasihi wawafungie ndani. Asubuhi yake akaenda kwa balozi, nami nikiwa nimeshika kanga yake.

"Balozi, nakuomba, usigonge reli. Tuma watoto waite watu nyumba kwa nyumba."

"Mama Nakunda, bwana mifugo na askari wapo uwanjani, wanataka watu sasa hivi. Kijiji kina reli moja." Akainamisha macho. "Wangu nimemfungia chumbani."

Mama akatoka mbio kuelekea kwa bibi, akahakikishe mlango. Hatujafika reli ikalia. Bluu alitupita njiani, na mpaka leo sijaona kiumbe anayekimbia vizuri vile. Mama alimwita kwa jina. Hakugeuka, maana aliyemwita kwanza ilikuwa ni reli, na utii ule alifundishwa na mama mwenyewe.

Mbwa wa kijiji kizima hawakuonekana. Walikuja wetu wanne tu, hata Mistari aliyerukia dirishani, wakajipanga bega kwa bega, kimya. Tulisikia milio ya bunduki tukiwa bado kwenye kona ya kanisa. Mama akakaa chini, palepale njiani.

Jioni wakaja. Mjomba alitangulia, mkononi ana kamba, akampa mama. Akaja bibi, akaja seremala. Balozi alikuja mwisho, akasimama mlangoni, na ile sauti yake ya redio haikuwepo.

"Mama Nakunda, mnyama uliyeniwekea amekufa."

"Nimepokea," mama akasema, kama inavyosemwa ngozi ikiletwa.

Mimi nilikasirika sana. Niliona wametuulia mbwa, kisha wanatuletea takataka zetu. Nilitaka kuzitia motoni, mama akaninyang'anya, akazitundika ukutani. Hazikufunga hata mzigo wa kuni.

Zilibaki pale hadi tulipomzika mama, na siku ya kuzishusha ndipo nilipozitazama kwa macho ya mtu mzima. Ya mjomba ilikuwa imepakwa mafuta ili isikwaruze. Ya bibi ilizungushiwa kipande cha blanketi, kimeshonwa kwa mkono usioona vizuri. Ya balozi, aliyewacheka, ilikuwa laini kwa kushikwashikwa. Hakuna mtu anayepeleka ngozi ya mnyama asiyemhesabu kuwa alikuwa wake wa kumtunza. Mama alihangaika miezi ile yote akiwatafutia mbwa wale makwao, akidhani ameshindwa. Kumbe walikwisha kupata, na hakuna aliyetuambia mpaka jioni ile.

Kijana wa duka akauliza aikate mita ngapi. Nikamrudishia kamba yake, nikanunua ya nailoni.