Sauti Nilizozikata kwa Wembe

Siku yangu ya kwanza kazini, katika studio ndogo ya kaseti pale Mushasha, Gitega, mkuu wa studio alinivisha kaske, yaani spika ndogo za masikioni, akaniambia nisikilize chumba kitupu. Baada ya robo saa akauliza, "Umesikia nini?"

"Hakuna kitu, shefu."

Akacheka. "We bado. Kuna nzi, kuna taa inalia, kuna tumbo lako lina njaa. Kesho tena."

Nilikuwa nimemaliza sekondari, nikajifunza upesi. Baada ya miaka michache hakuna kelele iliyonipita. Niliringa kwa hilo.

Vita vilipokuwa vimeshaanza, nilipelekwa Muyinga kurekodi waimbaji wa kabare ili tuwatolee albamu. Kabare kwetu ni nyumba ya bia, na zamani mtu mmoja aliweza kuwashika wateja mchana kutwa kwa ikembe, kile kinanda kidogo cha vidole gumba, na mdomo wake tu. Mama Zawadi, Mkongomani wa Uvira, aliwapita wote. Katika wimbo mmoja, peke yake alikuwa bibi harusi, mama mkwe na mlevi. Alianza saa nane mchana, maana usiku ilikatazwa kutembea. Na akikuuliza swali katikati ya wimbo, ilikuwa lazima umjibu. Siku ya kwanza fundi cherehani mmoja wa meza ya nyuma alijibu kitu, watu wakaangua kicheko, naye akamrudishia, "We nyamaza! Suruali yako mwenyewe imekushinda kushona!"

Kabla sijawasha mashine Mama Zawadi aliniambia, "Fundi, unikamate na watu wangu. Mi peke yangu niko nusu."

Nilirekodi siku mbili, nikarudi Gitega kufanya montaji. Siku hizo montaji ilikuwa kukata utepe kwa wembe na kuunganisha vipande kwa karatasi ya gundi. Mkuu alisikiliza, akasema, "Bon, toa vikohozi na viti. Majibu ya watu uyaache." Kisha akasafiri kwenda Bujumbura.

Nilitoa yote, hata majibu. Nilitaka albamu safi, nikajiambia mkuu amepitwa na wakati. Vipande vilijaa kikapu, nikavichoma nyuma ya studio. Aliporudi, kaseti zilikuwa zimeshanakiliwa. Kosa ni langu, hakuna aliyenituma.

Nilimpelekea Mama Zawadi kaseti yake, akaisikiliza pale pale kabare. "Sasa hapa naongea na nani, sha? Watasema nimeshikwa na wazimu."

Nilimwahidi kwamba kiangazi tungerekodi tena. Kabla ya kiangazi kabare ilichomwa. Fundi cherehani alikufa, na wateja wengine kadhaa. Mama Zawadi alipita Giteranyi kwa miguu hadi Tanzania.

Nilifanya kazi hiyo mpaka nikastaafu, na albamu nyingi zina mkono wangu. Vijana wa studio huniuliza siri ya sauti safi. Nawaonyesha, lakini moyo unarudi Muyinga, kwenye ile kabare yenye makelele ambayo sikuipenda nilipokuwa ndani yake.

Mwaka jana Mama Zawadi alikuja kwangu, amezeeka, anatembelea fimbo.

"Fundi, ile tepe ya kwanza iko? Ile ya watu?"

"Niliikata, mama. Vipande nikavichoma."

Akaegemeza fimbo ukutani. "Bon. Mi nitaimba, we ujibu kama wao. Miye nilikuwa nacheza, majibu yao siyakumbuki. We ndiye uliwasikiliza kuliko wote."

Akaimba sehemu ya mama mkwe, sauti inakwaruza lakini bado yake: "Mke wa mtoto wangu amenipikia nini leo?" Akaninyooshea mkono nijibu.

Jibu la wateja hapo nililirudia mara nyingi kwenye kaske, nikitafuta linapoanzia na linapoishia ili niweke wembe. Nilijua urefu wake: sekunde nne. Nilijua kicheko kilianza kabla halijaisha. Walichosema sikukijua, maana sikuwahi kukisikiliza.

Mkono wake ulikuwa bado umenyooshwa, ananingoja.