Mkia wa Zuhura

Siku chombo cha angani kilipoifikia nyota ya mkia, sisi wanne wapenda nyota wa Ziwani tulikuwa tumekodolea macho simu moja, kando ya kamba za kuanikia nguo. Jua lilikuwa ndio limetua. Picha ya kwanza ilipoingia, jiwe jeusi lenye umbo la kiazi, tulipiga kelele hadi majirani wakatoka.

Nilikuwa nimewaahidi kwamba wataiona kwa darubini yetu ya bomba la plastiki na lenzi za mtumba. Ujinga wangu! Nyota yenyewe ilikuwa mbali mno, na nilijua. Lakini mama wa nyumba ya pili alikuja wa kwanza, amefunga kitambaa chake cha kanisani, akasema, "Haya, mwanangu, nionyeshe." Nikaona haya kumrudisha. Nikaielekeza darubini kwa Zuhura, sayari iliyokuwa iking'aa juu ya mapaa.

"Mbona imepinda kama mwezi mchanga?"

"Huo ndio mkia, mama."

Wenzangu walijua ninadanganya, wala hawakunisahihisha. Nao sijawasamehe.

Mwaka huu macho ya mama yule yamezima kabisa. Kila Jumapili mimi ndiye ninayemshika mkono kumpeleka kanisani, na njiani yeye humwambia kila anayetusalimia kwamba hana kinyongo na Mungu, kwa sababu kabla ya giza aliiona nyota ya mkia.

"Muulizeni huyu," husema, akinifinya vidole.

Na wao huniuliza. Nami hujibu, "Kweli, aliiona."