Unga wa Kupimia Kompyuta

Mume wangu alikuwa mkaguzi wa mashamba ya mbegu za maharage. Kampuni yake zamani ilikuwa ya umma. Ilipouzwa, wenyewe wapya walipaka geti rangi, wakapunguza watu, na wale waliobaki kila mmoja akapewa kompyuta ya kubeba. Kabla ya hapo alikuwa anakwenda shambani na daftari na kalamu mbili. Sasa alikwenda na daftari, kalamu mbili na kompyuta, kwa sababu betri ilikuwa inakufa kabla hajamaliza shamba la pili.

Mimi nimeishia darasa la saba. Kompyuta ile niliijua kwa uzito tu. Pamoja na chaja yake, begi lake na betri ya akiba, ilikuwa inakaribia kilo tano. Mkanda ulimwachia alama begani, nyeusi na ngumu, kama shingo ya ng'ombe wa kulima. Jioni nilimpaka mafuta ya kondoo aliyopewa na mama yake. Hakulalamika. Alisema tu, "Zinakuja nyepesi."

Hizo nyepesi ndizo zilizoingia nyumbani kwetu Sokon I kabla hazijafika nchini. Meneja wake alikuwa na majarida ya kutoka nje, na akishayasoma aliwaachia wafanyakazi. Mume wangu aliyaleta akayaweka mezani, akayafungua kwenye kurasa zilezile mpaka zikalegea. Kompyuta zenyewe zilikuwa tatu, na zote zilikuwa bado hazijatoka kiwandani. Moja ya kilo mbili, moja ya kilo moja na robo tatu, moja ya kilo moja na nusu. Majina yake hatukuyashika. Tuliziita kwa kilo zake.

Siku moja alikwenda duka la jirani akaomba kupimiwa unga wa sembe kwenye mifuko ya plastiki, kila mfuko na uzito wa kompyuta mojawapo. Alirudi akatoa kompyuta ya ofisini kwenye begi, akaweka mfuko wa kwanza, akavaa begi begani, akatembea kutoka mlangoni mpaka bombani na kurudi. Kisha wa pili. Kisha wa tatu.

"Sasa wewe," akaniambia.

"Mimi nakwenda kukagua shamba la nani?"

"Kagua hata bomba. Niambie tofauti."

Nikavaa. Nikatembea hadi bombani kwa maringo, nikalikagua bomba, nikarudi nikamwambia maharage yake yana ugonjwa. Alicheka mpaka akakaa chini. Siku nyingine akiwa anasita kati ya ile ya robo tatu na ile ya nusu, alipima robo kilo peke yake kwenye kimfuko kidogo, akawa anakiongeza na kukitoa. Yule mwenye duka alipomwona anaingia alikuwa anauliza, "Leo unapima ya nani, mzee wa kompyuta? Unga wangu haujui Kiingereza."

Nayaeleza haya kwa sababu sitaki kujitoa. Na mimi nilizisubiri. Niliichagua ile ya kilo na nusu, nikaitetea. Nilimwambia ile ya kilo mbili ina kioo kikubwa cha nini, anakwenda kuangalia video shambani? Ofisini meneja alitangaza kwamba zinakuja, na watu wa mashambani ndio watapewa kwanza. Halafu likaja jarida jingine, lina nyembamba zaidi, akasema ni ujinga kununua hizi wakati zile ziko njiani. Tukasubiri zile. Zikakaribia, likaja jarida la tatu. Wakati wote huo begi la kilo tano lilipanda na kushuka mlima kila siku ya kazi.

Alifia kwenye njia ya juu ya Olmotonyi, karibu na misonobari ya chuo cha misitu. Wakulima aliokuwa anakwenda kuwakagua walisema alikaa kwenye gogo, akavua begi, akaliweka vizuri pembeni kama mtu anayetaka kupumzika. Daktari alisema ni moyo, na kwamba ulikuwa umeanza kuharibika muda mrefu. Namwamini. Mashine haikumuua, na nikisikia mtu anasema ilimuua namkatiza. Ila ilimchosha, na kuchoka kwake nilikuwa nakuona kila jioni.

Begi lilifika nyumbani kabla ya maiti.

Tulimzika kwao, upande wa magharibi wa Meru. Ni watu wa ng'ombe na mahindi, na watu wa kanisa. Mimi natoka Kilimanjaro, na mama mkwe wangu, ambaye nilimwita yeyo kama wanawe wanavyomwita, tuliongea naye Kiswahili chake kidogo na changu cha shule ya msingi. Siku ya pili ya msiba nilitoka jikoni kwa nyuma kwenda kumwaga maji. Wenzake wa ofisini walikuwa wamekaa ukingoni mwa turubai, hawakuniona. Walikuwa na jarida.

"Hii ni nyembamba kama chapati."

"Chapati ya mke wako au ya hotelini?"

"Sikiliza. Betri saa nne."

"Saa nne za kwao. Ikishuka uwanja wa ndege inajua imefika Afrika, inakuwa saa moja."

"Sasa nafasi ya marehemu anaichukua nani? Maana zimeagizwa kwa idadi."

"Marehemu alikuwa anaipenda ya kilo na nusu. Tumuenzi. Tuchukue hiyo."

Wakacheka, kile kicheko cha msibani cha kuziba mdomo na kiganja. Nilisimama na sufuria ya maji machafu mkononi. Sikuwa na hasira. Kilichonipata kilikuwa kama kinyaa cha mtu aliyekuta unywele kwenye chakula alichokwisha kula nusu, kwa kuwa maneno yale niliyajua yote. Yalikuwa maneno ya mezani kwangu.

Baada ya msiba ukoo ulikaa kugawa vitu vyake. Koti kwa huyu, viatu vya mvua kwa yule, redio kwa mama yake. Kwao kile ambacho mwanamume alikuwa anakibeba kila siku mpaka siku ya kufa kinakwenda kwa ndugu anayemfuata kwa kuzaliwa au kumtangulia. Kwa baba yao ilikuwa fimbo na sime. Kaka yake mkubwa alisimama, akaliinua begi kwa mikono miwili ili wote walione, akasema, "Na hiki ndicho alichobeba." Wazee wakaitikia. Hakuna aliyeiba. Hakuna aliyetaka kuiba. Kwa macho yao kompyuta ile ilikuwa fimbo yake.

Mimi ndiye niliyejua kwamba ni ya kampuni. Nilikuwa nimekaa na wanawake, mita chache tu, na nilinyamaza. Nilijiambia mjane haongei siku ile. Si kweli. Ningeweza kuongea. Nilikuwa nimechoka, na nilitaka kiondoke machoni pangu.

Wiki kadhaa baadaye mmoja wa wale wenzake alikuja Sokon I. Alikataa chai, akaanza kuongea akiwa amesimama.

"Shemeji, kuna kile kifaa."

"Kiko kwa ndugu zake."

"Unajua hizi mpya ili zije lazima za zamani zirudi zote. Kubadilishana. Moja ikikosekana, oda nzima inakwama. Watu wanasubiri."

"Nyinyi mnasubiri."

"Mimi natumwa tu, shemeji. Ila kuna orodha ubaoni, ya ambao hawajarudisha mali ya kampuni. Imebaki jina moja."

Nilimwuliza ni jina la nani, ingawa nilijua. Akataja la mume wangu.

Mume wangu hakuwahi kuleta nyumbani hata bahasha ya ofisi. Alipokuwa anapima unga alikuwa anatoa kompyuta yao na kuilaza juu ya kitambaa safi, kama mtoto wa mtu. Sasa watu waliokula chakula cha msiba wake walikuwa wanapita kila asubuhi mbele ya jina lake ubaoni, wakienda kuangalia majarida.

Kesho yake nilipanda kwa shemeji yangu, yule kaka mkubwa aliyechukua begi. Nilimkuta nje, anatengeneza mpini wa jembe. Yeyo alikuwa amekaa juani kwenye kigoda, anachambua maharage. Nilimsalimu yeyo shikamoo, nikamsalimu na mwanawe, nikaeleza.

"Kwa hiyo ilikuwa ya kuazima," akasema shemeji yangu.

"Ilikuwa ya kazi. Kila jioni ni yake, kila asubuhi ni yao."

"Na siku ya kugawa ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa pale. Nilijua, nikanyamaza. Kosa ni langu, shemeji. Usimwekee marehemu."

Akaweka mpini chini. Akaingia ndani akatoka na begi limefungwa kwenye kitenge. Nikadhani ananipa, lakini alikaa nalo magotini. "Nimeuliza mjini," akasema taratibu. "Kuna fundi pale Levolosi anasema zinakuja nyembamba, ukimpelekea nene unaongeza kidogo anakupa. Mwanangu akifika sekondari..."

"Zinakuja lini?"

"Anasema zinakuja."

Mate yalinijaa mdomoni. Hata huku juu, kwenye zizi, kwa mtu ambaye hajawahi kuiwasha, zilikuwa zinakuja. Nilitamani kutema, nikameza, kwa sababu yeyo alikuwa ananiangalia.

Yeyo aliuliza kwa lugha yao kinachosemwa, mwanawe akamweleza. Alichambua maharage kidogo, akatoa kokoto, akaitupa. Kisha akaongea Kiswahili, ili nisikie.

"Kitu hiki kilimkata mwanangu bega. Mimi nilikuwa nayeyusha mafuta kwa ajili ya bega hilo. Sitaki kilale nyumba yangu. Mpe."

"Yeyo, lakini wazee walishasema ni..."

"Wazee hawakupaka mafuta. Mpe."

Akanipa. Alinisaidia hata kuvaa mkanda, na namshukuru kwa hilo, maana hakuwa mtu mbaya.

Nilishuka nalo kwa miguu mpaka barabarani. Nilikuwa nimebeba unga kwenye begi lile mara nyingi, hadi bombani na kurudi, nikicheka. Kilo tano kamili sikuwahi kuzibeba hata siku moja. Kabla sijafika kwenye misonobari nilikuwa nimeshabadilisha bega mara tatu. Pale alipokaa mume wangu nilipapita bila kupajua, kila gogo lilikuwa linafanana na jingine.

Ofisini niliwakuta wameinama juu ya meza, watatu na meneja, na sikuhitaji kusogea ili nijue wanaangalia nini. Nilisema hodi mara mbili. Nikaweka begi mezani, juu ya jarida lao. Walilisogeza ili lisikunjike.

"Aa, shemeji," alisema yule aliyekuja kwangu. "Ungetuma mtu tu."

Meneja alifungua begi, akatoa kompyuta na waya zake, akaangalia namba ya chini, akampa kijana wa stoo bila kuiwasha. Ikawekwa chini ya meza ya pembeni juu ya nyingine kama ile, zimerundikwa kama matofali. "Hata hivyo," meneja akasema, na nadhani alitaka kunifariji, "ule mpango wa kubadilishana umeshaahirishwa. Kuna toleo jipya kabisa, chini ya kilo moja na robo. Tumeona tusubiri."

"Mnasubiri tena."

"Ni vizuri kununua mara moja kilicho bora, mama."

Niliwatazama. Walikuwa na nyuso safi, mashati yamepigwa pasi, na hakuna hata mmoja aliyeona haya, kwa kuwa kwa hesabu yao hakuna baya lililofanyika. Niliona kinyaa. Lakini sikuwa nimekuja kwa ajili hiyo.

"Naomba muandike kwamba amerudisha. Jina lake, na kwamba mmepokea kikiwa kizima."

Meneja akapapasa meza kutafuta karatasi. Hakuiona. Akachana ukurasa wa nyuma wa jarida, ambao upande wake mmoja ulikuwa na nafasi nyeupe, na upande wa pili una picha ya kompyuta iliyosimama kwa ncha juu ya kidole cha mwanamke. Akaanza kuandika.

"Si hiyo," nikasema. "Andika kwenye karatasi safi."

Kalamu ikasimama. Wote wakaniangalia, nafikiri kwa mara ya kwanza. Yule aliyekuja kwangu akaenda chumba cha pili akarudi na karatasi yenye jina la kampuni juu. Meneja akaandika, akagonga muhuri. Nilisubiri palepale mlangoni mpaka walipoibandua ile orodha ubaoni. Begi walisema nikae nalo, limechakaa.

Nyumbani nilipolikung'uta, mfuko wa pembeni ulikuwa na kitu laini. Ni kile kimfuko cha robo kilo, alichokuwa anakiongeza na kukitoa. Unga ulikuwa umeingia wadudu, umeshikana kwa nyuzi, unanuka uchachu. Alikuwa ameubeba huo pia, juu ya zile tano, mpaka siku ile. Labda aliusahau. Niliupeleka uani nikawamwagia kuku, nikanawa mikono.

Jumapili nilimpelekea yeyo ile karatasi. Hajui kusoma. Nilimsomea yote, jina la mwanawe, neno kurudisha, neno kizima, saini na muhuri. Aliichukua akaishika kwa ncha za vidole, akaigeuza upande wa pili, akaona hamna kitu.

"Wameandika kilikuwa kizito?" akauliza.

Nikamwambia hawakuandika.